Nyumba Ambayo Mama Hakuiombea

Jumapili, Eldoret. Mvua inanyesha tangu tutoke kanisani, baridi imeingia hadi kwenye mifupa, na mimi nimezunguka nyumba hii kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Nimeosha hata vyombo vilivyokuwa safi.

Nina jambo la kuungama.

Kaka yangu Maina yuko Australia, mwaka wa tisa sasa. Ni nesi, na mtaa wake uko kando ya bahari. Anasema huko watu huogelea baharini kabla ya kwenda kazini, kisha huingia mkahawani miguu peku na hakuna anayewashangaa. Mimi ni broker wa ploti hapa mjini, kwa hiyo hunitumia picha za nyumba za huko nami nazichambua. Za mbao, zenye uwanja wa kuanika shuka mbili tu, na kwa bei hiyo ungepata jumba zima Elgon View, mtaa wa matajiri wa hapa. Nimemcheka sana kwa hilo. Mwezi huu yeye aliacha kucheka.

Walikuwa wamepata moja, yeye na mkewe. Watoto walishagawana vyumba. Ila ingeuzwa kwa mnada, Jumamosi asubuhi.

Huko mnada si aibu. Mwenye nyumba huamua mwenyewe kuuza hivyo, majirani husimama barabarani na vikombe vya kahawa, anayetaja bei ya juu anapewa mkono na kila mtu anaenda zake. Maina alinieleza haya yote kitambo, na nilielewa vizuri. Ndiyo kazi yangu.

Mama hakuyajua. Mnada anaoujua ni ule wa jirani yetu aliyeshindwa kulipa mkopo, enzi tukiwa na duka mtaa wa Huruma: makochi nje kwenye matope, mama wa watu ameketi juu ya godoro lake, dalali anaita bei. Tangu siku hiyo Mama hanunui hata kiti kilichopigwa mnada.

Ijumaa mchana Maina alipiga simu. Kwetu hakuna anayeanza jambo kubwa kabla Mama hajaliombea, hata akiwa ng'ambo. Nikaiweka simu mezani, sauti juu. Mama alikuwa ameshafumba macho. Aliposikia neno mnada, akayafungua.

"Hiyo nyumba iko na machozi ya mtu, Maina. Mimi siwezi kuiombea."

Maina akajaribu kueleza, mtandao ukawa unakatika. Mwishowe akaniomba mimi, niliye mjuzi wa mambo hayo, nimweleweshe.

"Mama ameshasema," nikamjibu. "Mimi nitaongeza nini?"

Hivyo tu.

Mtu akinunua nyumba huko harudi tena. Nami nitabaki hapa na Mama, na dawa zake za presha, na swali lake la kila siku kwamba Maina anakuja lini. Nimechoka kuwa mtoto aliyebaki. Kwa hiyo nilimwacha Mama aamini kisicho kweli, na nikajiona mshindi kwa muda wa saa moja hivi.

Jana Maina aliandika. Alienda, akasimama na wengine, hakuinua mkono. Nyumba ikachukuliwa na watu wengine, na binti yake amegoma kula. Hakunilaumu popote katika ujumbe ule, na hilo ndilo limeninyima usingizi.

Leo baada ya chakula nimemweleza Mama minada ya huko ilivyo. Alisikiliza huku akikunja kitambaa chake cha kanisani.

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Mama."

Hakunigombeza, wala hakuuliza kwa nini. Alitaka tu nimpigie Maina. Nikampa simu nikatoka kwenda barazani, lakini mlango wetu haufungiki vizuri. Nilimsikia akimwambia atafute nyumba nyingine, hata kama ni ya mnada, naye ataiombea. Kisha akateremsha sauti.

"Na usimkasirikie dada yako. Amechoka na mimi, ni vile anaogopa kusema."

Yuko sebuleni sasa, nami nimejifungia chumbani kuandika haya. Nitatoka nimwambie nini?