Mikaratusi ya Baba Mkwe

…na ndiyo, Waya, nimeolewa kweli, na ninafurahi mpaka naona haya. Nimeolewa huku Kegonga, mbali na kwetu Kosele, na Mwita yule yule uliyemwona mara moja tu ukasema, "Huyu anacheka na macho, mshike." Nimemshika! Anaamka kabla yangu, anawasha moto, ananiletea chai kitandani, wifi zangu wanamcheka na yeye hajali. Mambo kama haya ningemsimulia nani kama si wewe, shangazi yangu?

Wale watoto wa Kosele uliokuwa ukiwapeleka mtoni bado wanaenda. Matete mliyopanda yamenipita kimo. Nami nilikuja na chujio lako la kunasia wadudu wa majini kwenye sanduku la harusi, mama mkwe akadhani ni la chai. Kila Jumapili ninawapeleka watoto wa huku kwenye kijito kinachopita chini ya shamba letu. Ninawafundisha vile ulivyonifundisha: geuza jiwe taratibu, tazama nani anaishi chini yake, kisha rudisha jiwe, maana ni paa la mwenzako.

Juu ya shamba tulikuta vibuu wenye mikia mitatu, wale wanaoishi kwenye maji safi tu. Chini ya shamba, matope na minyoo wekundu, na mbele kidogo hata maji hakuna. Akina mama wanachimba mashimo mchangani kutafuta ya kupikia. Katikati ya hapo ipo mikaratusi ya baba mkwe, imejipanga ukingoni. Watoto wakauliza, "Mwalimu, maji yameenda wapi?"

Nikawaambia wageuze jiwe jingine, Waya. Jibu nilikuwa nalo.

Unajua desturi. Huku, kama kwetu, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hampi mkono, sembuse kumwambia miti yake inakausha kijito. Na aliipanda mwenyewe, Mwita akiwa mchanga, kwa sababu alisikia miti huleta mvua. Alikuwa anafanya jema. Mwita alitaka kumwambia, nikamkataza. Wangesema bibi arusi hajamaliza hata mwaka na tayari anamtuma mume akate miti ya baba yake. Lakini ningewafundishaje watoto nusu ya ukweli?

Aliyenitangulia ni Robi, binti wa shemeji yangu, ambaye hakosi mtoni Jumapili. Mjukuu na babu hutaniana, hakuna anayekasirika. Jioni moja nikiwa jikoni nilimsikia:

"Babu, miti yako ni walevi. Inakunywa kukushinda wewe!"

"Mke wangu mdogo, nani amekufundisha matusi?"

"Twende nikuonyeshe, kama hayo magoti bado yanafanya kazi."

Akaenda! Niliwachungulia dirishani, mikono yote unga. Robi alimgeuzia mawe ya juu, kisha ya chini. Mzee alichuchumaa kwa muda mrefu, kisha akarudi. Siku zilizofuata hakuzungumza na mtu. Nikamwambia Mwita ninaogopa tutafukuzwa. Mwita akanikumbatia, akasema, "Akitufukuza tutaondoka wawili, na chujio lako." Ee Waya, nilimpenda upya.

Kisha tukasikia msumeno. Mzee alikata mikaratusi yote iliyogusa maji, akaacha ile ya kando ya barabara. Visiki vinachipua tena, kwa hiyo watoto huvunja machipukizi kila tukishuka. Tumepanda matete na mikuyu. Kiangazi hiki kijito kilipungua lakini hakikukatika, na chini ya shamba, juzi, Robi aligeuza jiwe akapiga kelele mpaka ng'ombe wakashtuka. Mikia mitatu!

Jumapili iliyopita mzee alimtuma Robi kwangu: "Mwambie mwalimu awalete watoto wote. Yeye asimame ng'ambo ile, mimi nitasimama hii." Ndivyo tulivyofanya. Mimi nilitazama maji, yeye alinipa mgongo, watoto wakiwa katikati, miguu ndani ya kijito. Akawaeleza samaki walikokuwa alipokuwa mtoto akichunga ng'ombe, na mahali ambapo maji yalimfika kifuani. Sikuyajua hayo, wala hayamo katika niliyojifunza kwako. Alipomaliza akawaambia kwa sauti kubwa, bila kugeuka, "Haya, sasa msikilizeni mwalimu wenu, anajua." Nilifundisha machozi yakinitoka. Hakuna aliyeona, isipokuwa samaki kama wameshafika.

Pumzika, Waya wangu. Sitaacha kuwapeleka watoto mtoni, hata nitakapokuwa na wangu mgongoni. Na kabla mwezi huu haujaisha tutakuja Kosele, mimi na Mwita. Atafyeka nyasi kaburini kwako, nami nitakaa kando yako nikwambie yale ambayo siwezi kuyaandika.