Mstari Mwekundu Umesogea

Jumanne, 3 Juni

Kikao kwenye ofisi ya mradi wa mtaro, kama kila Jumanne. Chai, maandazi, kisha wote tunageukia ukuta. Skrini yao ni pana kuliko kitanda changu. Ratiba nzima ya ujenzi wa mtaro imo humo, kila kazi na mstari wake wa rangi. Wa kijani ni kutupimia viwanja vipya ng'ambo ya mji. Unaofuata ni mwekundu: kubomoa nyumba zetu za bondeni hapa Nsemulwa, mwisho wa mwezi. Madereva wa makatapila wanaiona ratiba hiyohiyo kwenye simu zao. Ikibadilika hapa, imebadilika kote.

Injinia wa mradi alitoka kupokea simu. Mwenyekiti wetu wa mtaa akainuka kutuonyesha zamu ya nyumba yake. Huyu haonyeshi kitu bila kukigusa. "Mimi nimo humu!" akasema, akaburuza kidole kwenye kioo. Watu wakacheka. Nilikuwa nimekaa mbele. Niliona mstari mwekundu ukiteleza kuelekea kushoto, ukautangulia wa kijani.

Au ni macho yangu. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho. Injinia aliporudi alifunga kikao bila kutazama ukuta. Nikaondoka na wengine.

Jumatano, 4 Juni

Kama niliona sawasawa, tutabomolewa kabla ya kupewa pa kwenda.

Nilimfuata Mwenyekiti dukani kwake. Nikamweleza mbele ya wateja. Kosa.

"Mrundi wewe! Katapila likipiga honi kule mtaa wa Makanyagio, wewe huku unafunga begi."

Dukani wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Nilitoka Burundi nikiwa mgongoni kwa mama, nimefundisha watoto wa mji huu hadi nikastaafu, uraia ninao. Bado nacheka wanaponicheka. Najichukia kwa hilo.

Ijumaa, 6 Juni

Vijana wa mradi wamepita na rangi. Alama ya X mlangoni kwangu. Mlangoni kwa jirani yangu Mama Kulwa pia. Alikuwa anaanika mpunga.

"Mwalimu, si walisema mwisho wa mwezi?"

Nikamjibu kwamba ndivyo walivyosema. Sikumwambia niliyoyaona. Niliogopa kuchekwa tena. Huo ndio ukweli, hakuna sababu nyingine.

Jioni katapila likaja kuegeshwa karibu na mashine ya kusaga.

Jumapili, 8 Juni

Ofisi imefungwa tangu jana. Nimesoma ukurasa mmoja mara nne. Hakuna kilichoingia.

Jumatatu, 9 Juni

Nilifika ofisini kabla hawajafungua. Nikamkuta Neema, binti anayesimamia ratiba, nikamuuliza siku ya kubomoa.

"Shikamoo, mzee. Bomoabomoa ni leo. Ratiba ndivyo inavyosema."

Maisha yangu yote, mtu akiwa nyuma ya meza nimemwambia ndiyo. Leo nilisema hapana. Nikamwambia mstari ule ulikuwa baada ya wa kijani, aangalie nani aliusogeza. Akabonyeza, akasoma. Umesogezwa Jumanne, kutoka kwenye skrini ya ukutani. Jina la aliyesogeza halipo. Kisha akampigia dereva. Simu haikupokelewa.

Tulipanda bodaboda moja, mimi katikati. Tulipofika, jiko la Mama Kulwa lilikuwa limeshalala chini. Yeye amesimama mbele ya nyumba kubwa, mikono ameitanua kama anazuia ng'ombe. Neema alikimbia akipunga kitenge chake. Katapila likazimwa.

Hakuna aliyeumia. Mwenyekiti alikuja akatazama vumbi. "Skrini gani hizi, kugusa kidogo tu!" Hakuna aliyecheka.

Mama Kulwa alinigeukia mimi.

"Mwalimu, ulijua?"

"Tangu Jumanne."

Akaingia ndani. Bora angenitukana.

Jumanne, 10 Juni

Kikao. Sasa skrini inafunguliwa kwa namba ya siri. Mstari mwekundu umerudishwa nyuma ya ule wa kijani, na Neema akalitangaza hilo kwa sauti. Wajumbe wakapiga makofi. Tulikuwa tunapigia makofi siku ya kubomolewa kwetu. Nami nilipiga.

Mchana nilikwenda kwa Mama Kulwa bila kuitwa. Nikaanza kuokota matofali mazima kwenye kifusi na kuyapanga, atayahitaji kwenye kiwanja kipya. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akaja upande wa pili wa rundo, akainama, akaanza kunipokea matofali.

Nimerudi nyumbani nikateremsha vitabu rafuni. Hii ni mara ya kwanza maishani kuhama mahali nikiijua siku. Navifuta vumbi kimoja kimoja, kisha navifunga kwa kamba. Mlango nimeuacha wazi, Mama Kulwa akipita aingie.