Jezi za Damu ya Mzee

Chumba cha Ushonaji,
Nyuma ya Kituo cha Zimamoto.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na hiyo miguu yako inayosimama wodini kutwa nzima. Je, uvimbe umepungua? Ule mto niliokushonea uuweke chini ya miguu unautumia, au umeshampa muuguzi mwenzako kama kawaida yako? Mimi nipo. Mgongo unauma kidogo, lakini mgongo wa fundi cherehani usipouma watu watadhani amefunga duka. Wifi yako ni mzima. Mama naye hajambo, dawa anakunywa ila mpaka abembelezwe.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Najua binti yako alikupigia simu baada ya fainali, na ulipomuuliza imekwendaje akakujibu tu, "Mjomba atakuandikia." Hiyo ndiyo adhabu aliyonipa. Kukueleza kwa simu amenikataza, eti kwa simu nitaruka sehemu zinazoniumbua. Basi nimekaa na kalamu, na yeye yuko hapa mlangoni anajifanya anapanga vifungo.

Nikukumbushe kidogo, maana wewe na mpira wa kikapu mko mbalimbali. Ligi ya mitaa ya wasichana ina timu kumi na mbili, na mwaka huu timu yetu ilifika fainali kwa mara ya kwanza, dhidi ya wale wa ng'ambo ya reli. Lakini kwa Msumari (ndiyo binti yako, hapa mtaani hakuna anayemwita jina lake tena, kwa kuwa ni mwembamba na hapindi) kombe halikuwa jambo kubwa. Jambo kubwa lilikuwa wateuzi wa timu ya vijana ya jiji, waliokuja siku hiyo kuchagua wasichana wanane. Mwakani anavuka umri, kwa hiyo alikuwa na siku hiyo moja tu. Mwaka mzima aliamka alfajiri kudundisha mpira kwenye ukuta wa kituo cha zimamoto, mpaka wazima moto wakaacha kulalamika.

Miezi miwili kabla, kocha wetu, yule mwokaji mikate, aliingia dukani na unga kwenye nyusi, akafunga mlango. Alitaka jezi mpya za fainali, rangi ya damu ya mzee, na nisimwambie mtu, hata mpwa wangu, ili wapinzani wapigwe na butwaa. Nikaapa. Siku tatu baadaye akaja kocha wa ng'ambo ya reli, mwalimu wa hesabu, mtu mpole sana. Naye akafunga mlango, naye akaniapisha. Alipotaja rangi yake, Dada, nilishikwa na kikohozi cha uongo.

Ningefanya nini? Nimewahi kuwashonea mabibi harusi wawili wasiosalimiana, harusi siku moja, na hakuna aliyejua la mwenzake. Kutunza siri za wateja ndiko kulikonijengea jina. Nilijaribu kuwageuza kwa ujanja. Nilimwambia mwokaji kwamba samawati ingewapendeza zaidi, akaniangalia kwa jicho la pembeni, akadhani nina jora lililonidodea. Mwalimu nilimsifia kijani, akasema kinamkumbusha sindano za hospitali. Basi nikashona zote ishirini na nne, nikazificha chini ya shuka, nikijiambia kwamba mmoja wao atabadili mawazo. Huo ulikuwa upumbavu, na nauandika kwa mkono wangu kama nilivyoamriwa.

Siku ya fainali ukumbi ule mkubwa wa katikati ya jiji ulijaa mpaka kwenye ngazi. Timu zote mbili zikavua nguo za mazoezi kwa mpigo. Watu wakaangua kicheko. Wasichana ishirini na nne, rangi moja, mshono mmoja, hata kola moja! Mwamuzi hakucheka. Kanuni ya ligi inasema timu iliyoandikwa ya pili kwenye ratiba ndiyo inayobadili, na wa pili tulikuwa sisi. Jezi zetu za zamani zilikuwa zimeshagawiwa watoto wadogo. Akatupa dakika kumi na tano. Zikipita, ushindi unakwenda ng'ambo ya reli bila mpira kurushwa, na wateuzi wanafunga madaftari yao.

Msumari akaja mpaka nilipokaa. "Mjomba, ulijua?"

"Nilijua," nikasema.

Alirudi benchi, akajifunika uso kwa taulo. Nimeharibu nguo za watu maishani mwangu, Dada, lakini aibu kama ile sijawahi kuiona. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Mwokaji naye akanivaa. Alishika pindo la jezi ya mchezaji mmoja, akalifunua mbele ya macho yangu. "Mwezi mzima unaremba mishono ya ndani, ambayo hakuna mtu anayeiona! Neno moja tu la kuniambia likakushinda?"

Nikaangalia alichoshika. Kitambaa kile kwa ndani ni cheupe. Na mimi huwa naficha mishono yote kama marehemu Baba alivyotufundisha, ncha ya uzi huioni. Watu wananisema kwa kuchelewesha kazi, nawe ulikuwa wa kwanza kunisema.

"Zigeuzeni," nikawaambia. "Vaeni ndani nje."

Walitoka chumba cha kubadilishia wakiwa weupe, nadhifu, kasoro kitu kimoja: nambari zilikuwa zimebaki ndani. Nikatoa chaki yangu ya bluu mfukoni, nikapiga magoti, nikamwandikia kila mmoja mgongoni na kifuani, mwamuzi akiangalia saa. Wa mwisho alikuwa Msumari, nambari kumi na nne. Alisimama akaandikwa akitazama pembeni. Mwamuzi akapapasa mshono wa bega lake, akatikisa kichwa kwa mshangao, akapuliza filimbi.

Lakini chaki na jasho haviivi chungu kimoja. Kila mapumziko ilibidi niingie uwanjani kuandika upya, nikihema. Mama mmoja jukwaani akapaza sauti, "Fundi, waandikie na bei kabisa!" Ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka, maana ningefanya nini tena. Msumari tu ndiye aliyekuwa hacheki. Alicheza kama anayedaiwa jibu. Alikuwa akiingiza mkono katikati ya wasichana wakubwa kumshinda na kutoka na mpira, na kila akitoka nao mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti.

Tulifungwa kwa pointi tatu. Wa ng'ambo ya reli walistahili, na mwalimu wa hesabu alikuja kunipa mkono bila neno la lawama.

Kisha wateuzi wakasimama. Msemaji wao alikuwa mama mmoja mwenye miwani, akasoma nambari, na kila aliyesomwa akaenda mbele. Watano walikuwa wa ng'ambo ya reli, wawili wa kwetu. Baada ya wa saba akasita, akainua daftari karibu na uso.

"Wa nane anatoka kwa hawa waliogeuza jezi," akasema. "Nambari yake ilifutika, sikuiandika. Ni yule aliyewanyang'anya wapinzani mpira mara sita."

Benchi zima likamgeukia Msumari. Yeye hakwenda mbele. Alivuka uwanja mpaka kwangu, machozi na jasho vimechanganyika, akanipa mgongo.

"Mjomba," akasema, "niandikie tena."

Nimepiga mistari iliyonyooka kwa chaki miaka ishirini na mbili, Dada. Siku hiyo ile nne ilitoka imepinda. Akaenda nayo mbele hivyo hivyo.

Mengine ni madogo. Nimebandika kibao dukani: siri za harusi napokea, siri za mpira hapana. Mwokaji amenisamehe na kila asubuhi ananiletea mkate, ila anaukagua ndani kwanza mbele yangu. Timu ya jiji nayo imeniomba niwashonee jezi. Nimewaambia wakaitangaze rangi redioni ndipo nitakata kitambaa.

Mama anakusalimu na anauliza unavaa nini kwenye baridi. Wifi yako anakusalimu, na wazima moto wote wanakupongeza kwa binti. Mungu akulinde kazini, aipumzishe miguu yako, na akurudishe kwetu siku timu ya jiji inacheza.

Nakupenda kuliko ninavyosema,
Ndimi mdogo wako, fundi.

Nilisahau: Msumari ameisoma barua hii, amekuta sijaruka kitu, na amesema adhabu imekwisha. Jezi yake hataki ifuliwe. Imening'inia nyuma ya mlango, ndani nje. Jana nilimwambia niinyooshe ile nne, akasimama mbele ya mlango, akanizuia.