Sauti Nne za Bosibori

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Binti yangu Linda amefika kutoka Nairobi na kompyuta ndani ya katoni ya sabuni. Ofisi yao imenunua mpya, hii kuukuu wakampa. Ameiweka mezani sebuleni, pale ilipokuwa cherehani ya mama yake, Bosibori. Inavuma kutwa. Anasema kaseti zote za kwaya zitaingia humo, wimbo mmoja faili moja, kila faili na jina lake. Kaseti thelathini na moja! Nimemuuliza zitaenea wapi. Amecheka. Mara ya kwanza kucheka humu ndani tangu tumzike Bosibori.

Jumanne, 3 Agosti

Waya unatoka kwenye redio hadi kwenye kompyuta. Redio inacheza, kompyuta inanasa. Kaseti ya saa nzima unaingoja saa nzima — hakuna njia ya mkato. Linda anaandika, mimi natoa majina: nani anaimba, wimbo gani, mwaka gani. Bosibori aliandika kwenye makasha kwa penseli na nusu imefutika. Makambi ya kanisa ya Mosocho, 1989. Au 1990? Linda anasema, Tata, weka wowote, utabadilisha baadaye. Weka wowote! Nimefundisha miaka thelathini na mbili sijawahi kuandika jibu lolote tu.

Alhamisi, 5 Agosti

Zimekwisha thelathini. Ya mwisho nilikuwa nimeificha kabatini chini ya mashuka. Leo nimeitoa, nikamweleza Linda.

Ni ya Aprili mwaka jana. Bosibori alikuwa tayari hawezi kusimama kuongoza kwaya, akajirekodi kitandani ili waimbaji wasipotee. Sauti ya kwanza peke yake, halafu ya pili, ya tatu, ya nne. Hiyo besi aliiimba juu-juu huku akijicheka. Mwishoni aliongeza maneno ya kumwambia Linda. Maneno gani? Sijui. Nilikuwa nimemshikia redio, akaniomba nitoke kidogo. Nikatoka. Tangu afe sijathubutu kuicheza. Niliogopa, basi.

Nilidhani Linda atanigombeza. Ameishika tu ile kaseti kwa mikono miwili. Tukataka kuicheza papo hapo, stima ikapotea.

Ijumaa, 6 Agosti

Stima imerudi saa kumi na moja na nusu jioni! Upande ule una dakika arobaini na tano. Jua linazama saa kumi na mbili na dakika arobaini, na Sabato inaanza hapo. Tungemaliza vizuri, lakini Linda akasema sauti ni ndogo, akarekebisha, akaanza upya. Imeanza saa kumi na mbili kamili. Itapitiliza dakika tano. Si neno, inajiendesha yenyewe.

Sauti yake! Nimetoka nje kumwita jirani, Mama Bathsheba, aje tufungue Sabato pamoja. Nilihitaji hewa.

Jumamosi, 7 Agosti — jua limekwisha kuzama

Niandike yote kama yalivyokuwa.

Jana tulipunguza sauti ya redio, tukapiga magoti, mimi nikiomba. Katikati ya sala ikaanza kukwaruza. Kila mtu anajua mlio ule. Redio ilikuwa inakula kaseti.

Linda akainuka aibonyeze izime. Nikafungua macho, nikamwambia, "Keti."

"Tata, inakula!"

"Sabato imeingia. Keti."

Mama Bathsheba akasema amina, ingawa sikuwa nimemaliza. Linda akaketi. Ana miaka ishirini na mitatu, anajilipia nyumba Nairobi, na aliketi. Nami nikaendelea kuomba. Sikuifupisha sala. Nikawaombea wagonjwa, wasafiri, wachuma chai, hata serikali. Ile redio ikazunguka na kuzunguka mpaka ikakwama yenyewe.

Baadaye Linda akaniambia, lakini Tata, Yesu alisema ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato anatolewa. Nikamjibu kaseti si ng'ombe. Nilisema hivyo mbele ya Mama Bathsheba. Kama asingekuwepo, je? Sijui. Nimejiuliza kutwa, kanisani sikusikia mahubiri.

Leo jua lilipozama Linda akafungua mlango wa redio. Utepe ulitoka umejikunja kama sukuma wiki iliyokatwakatwa. Kwenye kompyuta sauti zote nne zimo, safi kabisa. Halafu kikohozi. Halafu "Linda". Halafu mkwaruzo hadi mwisho.

Akairudia mara tatu. Kikohozi, Linda, mkwaruzo. Nikaenda kusimama kwenye migomba.

Jumapili, 8 Agosti

Mvua. Amepika, amenipakulia, yeye amekula jikoni.

Jumatatu, 9 Agosti

Tumepeleka kaseti mjini Kisii kwa Jigar, yule wa duka la redio. Baba yake ndiye aliyeniuzia redio yenyewe. Kijana mpole. Alifungua zile skrubu ndogo, akanyoosha utepe kwa kidole, akakata, akaunga, akaufunga kwenye kasha jipya. Ilimchukua asubuhi nzima, wateja wakimngoja. Tukasikiliza. Mkwaruzo, na chini yake mtu kama anaongea akiwa chumba kingine. Hakuna neno hata moja la kushika.

"Pole sana, Mwalimu. Hii imezunguka kwa roller, hiki kigurudumu, dakika nyingi. Mngezima mara moja, ningetoa yote. Kwani hakukuwa na mtu nyumbani?"

Nikasema hakukuwa na mtu. Tulikuwa shambani, tukichuma chai.

Yalinitoka hivyo tu! Mimi, mzee wa kanisa, niliyeshika amri ya nne, ya Sabato, mpaka ikanigharimu, nimevunja ya tisa, ya uongo, juu ya kaunta ya duka. Linda alikuwa kando yangu. Hakunipinga. Alimshukuru Jigar, akaichukua kaseti, akatangulia kutoka.

Jumatano, 11 Agosti

Linda ameondoka asubuhi, siku nne kabla ya siku aliyopanga. Kompyuta ameniachia. Amenionyesha pa kubonyeza ili nisikilize, kwa subira, kama mtu anayefundisha darasa la kwanza. Nilitaka kumwomba msamaha. Nikamuuliza kama amebeba sweta.

Saa nane Mchungaji Ogari ametuma ujumbe. Mama Bathsheba amemsimulia kila kitu. Anataka Sabato hii nisimame nishuhudie, dakika kumi, vijana waone mtu aliyemweka Mungu mbele ya kumbukumbu ya mkewe. Nimejibu sawa. Ningejibu nini?

Nimewasha kompyuta nimsikie Bosibori kabla ya kuandika huo ushuhuda. Faili zote zimepangwa, mistari imenyooka. Nimefungua ile ya mwisho nione Linda ameijazaje. Jina: Sauti Nne. Mwimbaji: Bosibori. Mwaka: 1998. Chini kabisa pana nafasi ndogo ya maelezo, maneno machache tu yanaenea. Ameandika:

Tata alikuwepo. Hakubonyeza.

Nimeweka kidole pale pa kufutia. Nimekitoa. Nimekirudisha. Mbwa anabweka — ni Mchungaji, amekuja na mkewe na Mama Bathsheba. Anapiga hodi, anasema mke wake hajawahi kuona kompyuta, anaomba aone Bosibori yumo vipi. Nimesema karibuni. Sijafuta bado