Gari Ni Langu, Lakini Linamtii Mkamwana

Mpendwa mshauri wetu, nakuja kwako na shida iliyonizidi kichwa, na shikamoo kama umenizidi umri, kama mimi ndiye mkubwa basi marahaba yangu iko tayari. Mimi ni mama wa hapa Ulyankulu, jina langu Godeliva, ila ukifika huku ukauliza Godeliva watakuuliza yupi, useme Mama Prosperi, utaletwa mpaka mlangoni, maana mwanangu Prosperi Manirambona ndiye wa kwanza barabara yetu yote kusomea uinjinia, na sasa yuko mgodini Geita, anavaa kofia ngumu na wanaume wenye mvi wanamwita bosi. Mimi shule niliishia la saba kwa hiyo nikikosea mahali wewe shika maana.

Pasaka iliyopita Prosperi alikuja na gari, jeupe, unajiona humo kama kioo, na misa ilipoisha padri akalinyunyizia maji ya baraka na mwanangu akanipa ufunguo mbele ya watu wote akasema, "Mama, hili ni lako, umeteseka vya kutosha na tumbaku." Vigelegele vilipigwa mpaka mbwa wakakimbia. Kuendesha sijui na kwa umri huu sijifunzi, ananiendesha mdogo wangu Antoni ambaye amekata miaka na lori la tumbaku, usidhani ni mtu wa kubahatisha. Na kwa kuwa mimi sina mkono wa kufumba, gari nikalifanya la watu, kwaya wamekwenda nalo Urambo, maharusi wamepanda, wagonjwa wamepanda, hata mahindi ya jirani yamepanda kwenye viti vya nyuma, na kila likirudi na mkwaruzo nilisema hivyo ni vitu vya dunia, mwanangu atapaka rangi.

Mwezi wa saba Prosperi akaja likizo, akalizunguka gari, akashika pale palipochubuka, akaingia ndani kunywa chai. Kesho yake akalipeleka Tabora mjini kutwa nzima, akarudi jioni akasema limefungwa redio mpya. Na kweli redio ni nzuri, ukiifungua watu wa mtaa wa pili wanasikia.

Sasa mshauri, tangu aondoke, gari limenigeuka. Antoni akizungusha ufunguo taa zinawaka, redio inaimba, stata inapiga, inapiga, inapiga, gari haliwaki. Nikamwita fundi Lugembe, akapima betri, akatoa plagi akazisafisha, akanusa mafuta, akasema vyote vizima. Ndipo akaniuliza, "Mayu, mama yangu, hili gari halina swichi ya siri?" Nikamwambia mimi ndiye mwenye gari, kitu kifungwe ndani ya gari langu nisijue? Akafunga boneti akaondoka zake.

Lakini kinachonichanganya hasa ni hiki. Ninaye mkamwana, Nyamizi, mke wa Prosperi, mtu wa Lusu kule Nzega, ni mwalimu na anakaa na mimi wakati anasubiri uhamisho wa kumfuata mumewe. Yeye kuendesha anajua, alifundishwa na mumewe. Huyu akiingia kwenye gari lile lile lililomshinda Antoni, anakaa, anainama kidogo kama anafunga kiatu, anazungusha ufunguo, gari linawaka mara moja. Mara ya kwanza nikasema bahati. Mara ya pili nikasema bahati tena. Baadaye nikaanza kumtazama, na kila mara lazima ainame, mkono wa kushoto unapotelea chini ya usukani, halafu ndiyo linawaka. Kuna siku alikuwa pekupeku mshauri, sasa hapo alikuwa anafunga kiatu gani?

Aibu yenyewe ilikuja siku tuliyokuwa tunakwenda Ipuli kwenye jubilei ya sista wetu. Akina mama wa jumuiya wamejaa ndani, vitenge vya sare, mimi mbele na kilemba changu, Antoni anapiga stata, haliwaki. Anapiga tena. Wanawake wakaanza kukohoa. Ikabidi Nyamizi aitwe kutoka jikoni, akaja na unga mikononi, akainama, likawaka, ikabidi atuendeshe yeye. Hapo Mama Niyokwizera, rafiki yangu tangu usichana, akaninong'oneza sikioni, "Godeliva, hilo gari lina mwenyewe, na mwenyewe si wewe." Safari nzima mpaka Ipuli hakuna aliyeanzisha wimbo.

Tangu siku hiyo sina usingizi. Nilimwita Nyamizi uani nikamuuliza, mwanangu, unafanya nini pale chini? Akainamisha macho akasema, "Mama, muulize Prosperi." Nikaona huyu sasa ananidharau, anataka nigombane na mwanangu, maana Prosperi yuko Geita, atajua nini cha gari lililolala uani kwangu? Na ni mama gani anampigia mtoto wake simu kumuuliza namna ya kuwasha gari lake mwenyewe? Sikupiga.

Antoni anasema watu wa kwao Nyamizi wana dawa, amelifunga gari na akimaliza gari atanifunga mimi. Mama Niyokwizera anasema hivyo hivyo. Nimeacha kula chakula anachopika, najipikia mwenyewe kwenye jiko la mkaa, na yeye anaona, anapakua sahani yangu kila siku na kuifunika, asubuhi anaiondoa ilivyo. Na hapo ndipo ninapochanganyikiwa kabisa, kwa sababu presha iliponipanda kabla ya mambo haya ni yeye aliyeniendesha kwenda hospitali kwenye mvua, tope mpaka milangoni, akalala kwenye kiti pembeni ya kitanda changu. Moyo huu unasema huyu ni binti yangu, dakika hiyo hiyo unasema mwogope. Sasa nimeshatuma salamu Lusu, wazazi wake wanakuja Jumapili baada ya misa, sikuwaambia wanaitiwa nini. Prosperi hajui kitu. Nisaidie mshauri, nimrudishe kwao, au niliuze gari, au mimi mwenyewe ndiye nimeanza kuchakaa akili?

Ni mimi Mama Prosperi, mwenye gari, Ulyankulu.

*

Mama Prosperi, shikamoo, maana kwa hesabu yangu mkubwa ni wewe. Akili yako ni nzima. Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu nasema na wewe nikiwa nimekuheshimu na nimekasirika pia.

Gari lako halijafungwa dawa, limefungwa swichi. Ni kidude kidogo cha kuzuia wezi, kinafichwa mahali kama chini ya usukani. Kisipobonyezwa mafuta hayafiki kwenye injini, na Antoni atapiga stata mpaka betri ife. Nyamizi anakibonyeza. Siku ile mjini Prosperi hakufunga redio peke yake. Mimi gari lako sijaliona, lakini umeniandikia kila kitu wewe mwenyewe. Fundi alikuuliza swali lenye jibu ndani yake, ukamjibu kwa cheo. Mkamwana alikuelekeza kwa mtu anayejua, ukasikia dharau.

Najua kitakachokuuma ukimaliza kusoma hapa. Swichi haitakuuma, kitakachouma ni kwamba hukuambiwa. Mwanao alikupa gari mbele ya padri na umati, kisha akaliona limechubuka kwa kubeba magunia, akashindwa kukutazama usoni na kusema mama, punguza. Akakunyang'anya nusu yake kimyakimya na kumwachia mkewe kazi ya kulilinda. Amekosea, tena sana, na umwambie hivyo bila kumwonea haya uinjinia wake.

Ila kosa lako linalipita la Prosperi. Hayo maneno mnayonong'ona wewe, mdogo wako na rafiki yako, huku kwetu magharibi yamewatoa wanawake kwenye nyumba zao, na wengine yamewatoa duniani. Leo mnayasema juu ya mwalimu kijana, kesho yatasemwa juu ya mama mzee mwenye macho mekundu ya moshi wa jiko, na huyo anaweza kuwa wewe. Yakome.

Leo hii mpigie Prosperi. Usimuulize kuhusu kuwasha gari, mwambie aje nyumbani kabla ya Jumapili akueleze mwenyewe, Antoni akiwa amekaa hapo anasikia. Usiku wa leo funua ile sahani ule, na ule mbele yake. Kisha uwakusanye wale wale mliokwenda nao Ipuli, Mama Niyokwizera akae mbele, uwaambie ulikosea na ulikosea nini. Kama uliweza kujisifu mbele yao, na hili utaliweza. Kuhusu gari, kaeni na mwanao mpatane linabeba nani na linakwenda wapi, na kama unajua kabisa kwamba kwaya ikija kuomba huwezi kukataa, basi mrudishie ufunguo uendeshwe kama mama wa heshima, hakuna aibu hapo.

Na wazazi wa Lusu usiwazuie. Wapokee, wachinjie, waambie wazi ulichomdhania binti yao na kwamba alikaa na siri ya mumewe akitazamwa kama mchawi ndani ya nyumba aliyokuwa akiipikia, na hakumsema mumewe wala hakukujibu vibaya. Umeniuliza kama umrudishe kwao. Swali hilo limeshatoka mikononi mwako, mama. Jumapili, wazazi wake wakiwa wamekaa, wewe ndiye utamuuliza Nyamizi kama bado anataka kuishi na wewe, na atakalojibu ulipokee.