Kisanduku Nilichokiita Kitupu

Jumatatu, 8 Septemba
Chai, dawa ya presha, kalamu nyekundu. Vijana wa langoni wamenisalimu "niaje buda". Nimewasahihisha: "Shikamoo, mzee."

Hamdi, binti wa jirani yangu Mzee Abdi, muuza belo za mitumba sokoni Gikomba, ameleta kurasa mbili nisahihishe. Anataka kwenda ng'ambo kufanya utafiti wa fizikia. Baba yake amemwambia: nieleze kwa Kiswahili, nikielewa nitakuruhusu.

Anaeleza: saketi ndogo ya metali, yaani njia ya umeme, hupozwa mpaka umeme upite bila kizuizi, kisha huwekwa ndani ya kisanduku. Saketi hutoa chembe moja ya mwanga, kisanduku huipokea, kisha huirudisha. Ajabu. Lakini ameandika vizuri.

Jumanne, 9 Septemba
Nimekasirika. Anadai kwamba hata kisanduku kisipokuwa na mwanga wowote, utupu wake huichochea saketi kutoa ile chembe. Utupu hauchochei kitu. Nimefundisha maisha yangu yote. Sipitishi sentensi inayojipinga. Nimeifuta. Nimeandika: "Kisanduku ni kitupu, kwa hiyo hakuna kinachotendeka."

Ijumaa, 12 Septemba
Mzee Abdi amesoma, amekataa. Amenisimamisha ngazini akicheka. "Gikomba hakuna anayenunua belo tupu, Mwalimu. Binti yangu avuke bahari kutazama sanduku tupu?"

Kicheko chake kimenichoma. Hamdi amenichoma zaidi. Nani humkabidhi baba yake karatasi bila kuisoma tena? Uzembe.

Jumamosi, 13 Septemba
Hamdi hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Alining'iniza kufuli mbili kwa nyuzi kwenye kamba ya kuanikia nguo. Akasukuma moja. Ya pili, ambayo hakuigusa, ikaanza kubembea. Ya kwanza ikatulia. Kisha mwendo ukarudi.

"Ni mfano tu," alisema. "Niliyoisukuma ndiyo saketi; ile ambayo sikuigusa ndiyo kisanduku kitupu. Sentensi uliyoifuta, Mwalimu, ndiyo kazi yangu yote."

Nikamuuliza kwa nini hakuzisoma tena kurasa.

"Wewe hukosei. Mtaa mzima unajua."

Nimejikasirikia. Nilifuta nisichokijua, kwa sababu tu sikukijua.

Jumapili, 14 Septemba
Nimeshuka kwa Mzee Abdi. Nimekiri mbele ya mkewe na Hamdi kwamba kosa ni langu. Nimeirudisha sentensi, neno kwa neno, kwa kalamu nyekundu. Mzee Abdi aliisoma mara mbili. Hakuahidi lolote.

Alasiri nimemwona mzee kutoka dirishani, peke yake penye kamba ya kufuli. Amesukuma kufuli moja. Kisha akaweka mikono nyuma, akaingoja ya pili.