Sauti ya Mwalimu Baraka

Ijumaa, 3 Oktoba
Mazoezi ya kwaya yetu ya Wakenya huku ughaibuni, mtaa wa Mesaimeer. Sisi wa sauti ya pili tulichelewa kuingia tena. Mwalimu Baraka hakukasirika. Wiki nzima anaendesha basi la shule, Ijumaa, siku ya mapumziko huku, anatufundisha sisi. Baadaye chai, na siasa za nyumbani. Makelele. Yeye alikunja kiti chake akaenda.

Jumapili, 5 Oktoba
Kuna rekodi kwenye grupu la kwaya. Sauti ya Baraka inatukana kabila la karibu nusu yetu, inasema uchaguzi ukifika wafukuzwe. Nimeirudia jikoni. Sauti ni yake. Lakini haipumui popote. Baraka ana pumu, hamalizi sentensi bila kuvuta hewa. Imetengenezwa na mashine. Nafanya kazi ya kompyuta, naijua michezo hii. Video zetu za mazoezi zimejaa mtandaoni, yeyote angeweza kuichukua sauti yake.

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimeeleza yote grupuni. Wamesoma. Mmoja kajibu, kwa kikatuni cha kucheka. Baraka ameapa si yeye. Wamemwambia asimtaje Mungu.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimekaa na Mercy, tunayeishi naye chumba kimoja hapa Abu Hamour. Nimemsikilizisha rekodi ya uongo, kisha sauti halisi ya Baraka. Amesikiliza vizuri. Amekubali imetengenezwa. Nikadhani yameisha.

"Hata kama si yeye aliyesema," akasema, "hao watu wa kabila lake ndivyo wanavyofikiria."

Akaendelea kukata sukuma wiki.

Nilizoea kuamini watu wakipata ukweli watauchukua. Ujinga wangu. Anajua ni uongo na bado anautaka.

Ijumaa, 10 Oktoba
Baraka hakuja. Waimbaji wamekaa makundi mawili, njia katikati. Rekodi imefika Kenya. Majirani wamemwambia mke wa Baraka afunge duka. Amehamia na watoto kwa dada yake.

Nimewachukia wote leo. Hata walionyamaza. Hao zaidi.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimempelekea Baraka chapati. Tulikula ndani ya basi, limeegeshwa, kiyoyozi kikiwaka. Ameniomba nifute video zote zenye sauti yake. Nimefuta nilizoweza.

Hapigi simu nyumbani siku hizi, wala hatumi ujumbe wa sauti. Anawaandikia watoto tu. Yule mdogo hajajua kusoma.